Wendell Haskett, Uliyetulia Mbele ya Wavumaji

Mwaka umetimia, Wendell, tangu ulipotutoka ukiwa umekaa kwenye kiti chako cha kukunja, ndani ya kihema chako cha kitambaa, mbele ya ua moja jekundu katika bustani yako ya bondeni, mwezi wa Agosti, msimu wa mvua. Ulikuwa na miaka sabini na mitatu. Cheti cha kifo kinasema ulifariki alasiri, saa ulipokutwa. Kinakosea, na sisi wa nyumbani tunajua kwamba kinakosea.

Familia nyingine zikiandika kumbukumbu huandika mema tu, kisha hushukuru kanisa na majirani. Sisi dada yako Maxine ametukatalia. Amesema kama hatuelezi mkeo Lorna alifanya nini asubuhi ile, atasimama mwenyewe kanisani Jumapili aeleze yeye. Mkeo aliposikia alisema neno moja, "Andikeni." Kalamu imeshikwa na binti yako Shauna, ambaye naye alikuwemo nyumbani siku hiyo. Basi vumilia, tutazungumza nawe mbele za watu, wewe uliyekuwa hupendi mtu yeyote azungumze.

Tuanze na mema, maana yapo. Ulipima ardhi ya watu kwa miaka thelathini na moja na hakuna aliyewahi kukushtaki kwa mpaka uliopinda. Ulipostaafu ulihamia kwa wavumaji, hao ndege wadogo kuliko kidole gumba, wanaosimama hewani na kunyonya maua huku mabawa yao yakivuma. Uliwaning'inizia chupa kumi na tatu za maji ya sukari. Kikombe kimoja cha sukari nyeupe kwa vikombe vinne vya maji, hukuwahi kukosea wala kutia rangi. Uliziosha chupa kila baada ya siku mbili kwa maji ya moto na brashi ndogo, na mwezi wa Agosti ulizitoa zote kabla ya giza ili popo wasizimalize. Hakuna mgeni aliyewahi kuhudumiwa hivyo nyumbani kwako.

Mkeo anakumbuka siku mvumaji mmoja alipojigonga kwenye kioo. Ulimwokota, ukamlaza kiganjani, ukampulizia pumzi ya moto na kumdondoshea maji ya sukari kwa bomba la sindano. Ulikaa naye hivyo karibu saa nzima. Muda huo Lorna alikuwa amesimama mlangoni, kidole amekikata kwa kisu cha mkate na kukizungushia taulo, akikusubiri umpeleke hospitali. Ulimwambia, "Dakika moja, mke wangu, huyu anaanza kufumbua macho." Ndege akaruka akaenda zake. Lorna alikuwa ameshaondoka, ameendesha gari kwa mkono mmoja hadi mjini, akashonwa nyuzi sita, na njiani kurudi akanunua sukari kwa sababu ilikuwa imekwisha.

Ulikuwa mcheshi pia, hatuwezi kukunyima hilo. Jioni moja, wapiga picha wenzako wakiwa mezani wanakula maharage na mkate wa mahindi, ulimwuliza mkeo uzito wake. Alikutajia, maskini, akidhani unauliza kwa ajili ya daktari. Ukatoa kalamu, ukapiga hesabu kwenye karatasi ya kupangusia mdomo, kisha ukatangaza, "Jamani, mvumaji ana gramu tatu na nusu. Basi huyu mnayemwona hapa ni wavumaji elfu ishirini na moja na mia nne! Ndiyo maana hapai!" Wageni walicheka, na Lorna alicheka kuliko wote. Halafu alikwenda jikoni kuleta chai ya barafu, na hakurudi mpaka magari yakaondoka.

Joho lake jekundu la kuogea uliligawa kwa watu wa misaada, kwa kuwa wavumaji waliacha maua wakamfuata yeye. Mashine ya kufulia ilifanya kazi jioni tu. Bomba la jikoni halikufunguliwa ukiwa nje. Lorna alijifunza kupiga chafya bila sauti, akiziba pua na mdomo kwa aproni mpaka machozi yamtoke, nasi tulimtania kwamba siku moja masikio yatamruka. Tulikuwa tunatania, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukwambia uache.

Na binti yako alipotaka kuolewa bustanini, mlikuwa na mazungumzo haya, ambayo anayakumbuka neno kwa neno.

"Agosti?" ulisema. "Agosti wanapita wale wa kutoka kaskazini. Bustani haitoki."

"Baba, ni siku moja tu."

"Kwako wewe ni siku moja. Mvumaji ana siku ngapi duniani?"

"Baba, mimi nina harusi ngapi?"

"Hilo sijui, mwanangu," ulisema. "Sijamjua vizuri huyo bwana."

Harusi ilifanyika kwenye ukumbi wa zimamoto. Ulikuja, ukamsindikiza, ukala keki, na ngoma ilipoanza ukaaga kwa sababu mwanga wa jioni ulikuwa mzuri. Ndoa ilidumu miaka miwili. Uliponyamaza badala ya kusema "nilikwambia," Shauna alikushukuru, na bado anakushukuru.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe, maana watu wa bonde hili wamekuwa wakituuliza kwa adabu, na wengine bila adabu: imekuwaje mtu akae amekufa bustanini kwake tangu asubuhi hadi alasiri, na watu wawili wamo ndani ya nyumba?

Ilikuwa Alhamisi. Dhoruba ya usiku wa kuamkia siku hiyo ilikuwa imeupasua ule ubao wako, ulioupaka rangi ya kijani na kuusimamisha nyuma ya ua ili picha zionekane kama za porini na zisioneshe nyumba. Uliamka umenuna. Ulisema, "Leo nyuma ya ua patakuwa na dirisha la jikoni. Sitaki kuona kichwa cha mtu pale." Ukaziingiza ndani chupa zote kumi na tatu, kama ulivyofanya kila siku ya kazi, ili ndege wenye njaa wasiwe na pa kwenda ila kwenye ua lako, ambalo ulilijaza maji ya sukari kwa sindano. Saa moja asubuhi ukaingia kihemani.

Wasiojua kazi hii waelewe jambo moja. Mtu hawahi kubonyeza kamera kwa kidole, mvumaji ni mwepesi mno. Wendell alikuwa ametega mwale usioonekana mbele ya ua. Ndege akiukata, kamera inajipiga yenyewe na flashi nne zinawaka kwa pamoja. Kwa hiyo asubuhi nzima sisi tulisikia ka, ka, ka, kutoka bustanini, na kila iliposikika tuliridhika kwamba mzee yu kazini. Akili yetu iliishia hapo.

Shauna alitaka kusaga kahawa, mama yake akamnyang'anya kinu akampa kahawa baridi ya jana. Shauna akavua viatu, asisikike akitembea. Mleta barua alipogonga hodi na furushi, Shauna alimkimbilia kidole kikiwa mdomoni.

"Kaka, shusha sauti. Mzee yuko kazini."

"Kazini wapi? Mbona simwoni?"

"Kile kihema pale."

"Aa, na jua lote hili? Mwambie nampa pole," alinong'ona yule mtu, akarudi garini kwa kunyata, akafunga mlango wa gari taratibu kama mwizi.

Saa saba mchana Shauna alisema, "Mama, Baba hajanywa hata maji. Nimpelekee?"

"Kaa ule."

"Mama, joto hili!"

"Nimesema kaa. Husikii mlio? Leo wamemjia vizuri. Ukimtibulia, utaishi naye wewe?"

Wakala mkate na samaki wa kopo, wakitafuna polepole. Shauna alipochungulia kupitia mlango wa pembeni aliwaona wavumaji wawili wametua juu ya kihema na mmoja juu ya kiatu chako kilichokuwa kimejitokeza nje. Alifurahi kwa ajili yako. Alijisemea, hatimaye wamemzoea, na alitamani awe na kamera yake akupige picha. Mpaka leo anajichukia kwa furaha ile.

Saa tisa mvua ikashuka. Tulisimama mlangoni tukingoja utoke mbio na kamera kifuani, kama ulivyofanya kila mara, ukitukana mawingu. Hukutoka. Maji yakakusanyika juu ya kitambaa, kitambaa kikainama, yakamwagika juu ya kamera, na wewe umekaa tu. Hapo ndipo Shauna alipopiga yowe. Hakuna kitu kingine duniani kingetuambia kwa uhakika kwamba umekufa kama kule kuiacha kamera yako ilowe.

Daktari alisema moyo ulisimama asubuhi, yapata saa tatu na nusu. Shauna alimwuliza kama ungepona. Alijibu kwamba gari la wagonjwa hukaa dakika kumi kutoka kwetu, na kwamba mtu akiwahiwa mapema mara nyingi huwa na nafasi nzuri. Lorna alikuwa amekaa pembeni akikunja leso, hana hili wala lile, nasi tulidhani ni mshtuko.

Kadi ya kamera ilipona maji. Ilikaa kwenye droo miezi kumi, mpaka chama chenu cha wapiga picha kilipotuomba picha moja ya kuweka kwenye kalenda kwa heshima yako. Shauna akaifungua. Ilikuwa na picha mia sita na kumi na moja za siku ile, na karibu zote zilipigwa ukiwa hupo.

Alikuja, Wendell. Yule mvumaji mwenye mdomo mrefu kama msumari na mstari mweupe mgongoni, ambaye hupanda kutoka Meksiko mara moja baada ya miaka mingi, uliyemngoja miaka tisa na kumwota ukiwa macho. Alikuja saa sita kasoro robo. Alisimama hewani mbele ya ua, hatua mbili kutoka usoni kwako, na akajipiga picha kumi na moja. Kila unyoya unahesabika. Tunavyofikiri, alikuja kwa sababu kwa mara ya kwanza bustani ile haikuwa na mtu anayepumua ndani ya kihema. Wenzako wanasema ni picha bora kuwahi kupigwa katika bonde hili. Wanataka kuiweka kwenye jalada la kalenda na kuandika jina lako, na sisi tumewakubalia, ingawa hukumwona.

Maxine alikuja kuiona picha hiyo mwezi uliopita. Alikaa jikoni mbele ya kompyuta ya Shauna, na kwa kuwa ni mtu wa kutaka kuona kila kitu, alianza na picha ya kwanza kabisa. Lorna alikuwa akimenya viazi. Maxine alipofika kwenye picha za saa tatu alisimama.

"Huu mkono wa nani?"

"Wa Baba, Shangazi," Shauna alisema. Yeye alikuwa ameziona, na alikuwa amekaa nazo rohoni wiki nzima bila kumwambia mtu.

"Na huyu dirishani?"

"Mimi huyo, wifi," Lorna alisema bila kuinua uso. "Usikodoe macho, yatakuuma."

Ya kwanza kati ya hizo ilipigwa saa tatu na dakika kumi. Ukingoni kuna kiganja chako, vidole vimetanuka, na nyuma ya ua, hafifu lakini anayemjua anamjua, mkeo amesimama dirishani. Katika ya pili, chini ya dakika moja baadaye, pazia limefungwa.

"Kaka yangu anaomba msaada, na wewe unamfungia pazia!" Maxine alisema. "Binadamu gani wewe?"

"Niliona kiganja. Kiganja kile nimekiona miaka kumi na moja. Kikitoka kihemani, maana yake ondoka dirishani, unawatisha ndege. Kikitoka, mimi nafunga. Ningejuaje kwamba siku hiyo kina maana nyingine? Wewe mwenyewe alikupungia kiganja hicho hicho ukiwa umembebea keki yake ya siku ya kuzaliwa. Ulifanya nini?"

Alichofanya Maxine mbele ya kiganja kile ni kurudi kwenye gari na ile keki na kukaa humo mpaka ulipomaliza.

"Haya," Maxine alisema. "Tuseme hukujua. Na hii je?"

Alikuwa amefika kwenye picha ya tatu. Saa tatu na dakika kumi na nane. Mkono wako upo tena, safari hii umelegea, umeinama. Pazia limefunguka nusu, na uso wa mkeo umekaribia wavu wa dirisha.

"Mama, si lazima ujibu," Shauna alisema.

"Nitajibu. Nimechoka kuulizwa kwa macho." Lorna akaweka kisu chini, akafuta mikono. "Nilisikia kiti kinalia, nikafungua. Kihema kilikuwa kimeachia mbele, nikamwona uso. Ulikuwa wa kijivu. Nilijua, wifi. Baba yangu alikufa na rangi ile ile mbele yangu. Dirisha lilikuwa wazi, ni wavu tu kati yetu. Nikamwuliza, 'Wendell, ni moyo? Nipige simu?'"

"Ulimwuliza?"

"Kwa sauti. Nilivunja sheria yake."

"Akasemaje?"

"Alinitazama. Alinisikia vizuri kabisa. Halafu ndege akaja mauani, akageuza macho kumtazama yeye."

"Nimekuuliza alisemaje, Lorna!"

"Alisema, 'Shhh.'"

Shauna alimshika shangazi yake mkono, Maxine akauvuta.

"Mtu anayekufa hajui anachosema," Maxine alisema. Alikuwa analia sasa. "Ungepiga simu hivyo hivyo. Hata kama amesema nini, ungepiga!"

"Ningepiga. Simu ilikuwa hapa, kwenye mfuko wa aproni, niliishika."

"Sasa kwa nini?"

"Miaka kumi na moja alininyamazisha, nami nikanyamaza nikiwa sitaki," mkeo alisema. "Siku ile nilinyamaza nikitaka. Nikafunga pazia, nikakaa chini, nikawa nasikiliza kamera."

Alichukua kiazi kingine akaendelea kumenya. Katika picha ya nne mkono wako haupo tena.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na sasa waulizaji wamejibiwa. Binti yako anaandika haya akiwa na uchungu mwingi. Anakulilia na anakukasirikia. Bado anakula chakula cha Jumapili kwa mama yake, na bado hajaweza kumtazama usoni akiwa anamwongezea viazi. Hajui kama huko ndiko kusamehe.

Baada ya Maxine kuondoka, Shauna aliikuza ile picha ya tatu ili amwone ndege uliyemnyamazishia mkeo. Alitumaini, Wendell, kwa ajili yako, kwamba angalau ni yule wa Meksiko, kwamba alikuja mara mbili. Siye. Ni mvumaji wa shingo nyeusi, hawa wa kila siku, wanaokuja mia kabla hata ya kifungua kinywa. Bawa moja limekatwa na ukingo na ndege mzima ana ukungu. Ungekuwa hai, picha hiyo ungeifuta kabla ya chakula cha mchana.

Wanaokukumbuka ni mkeo Lorna na binti yako Shauna.

Anakukumbuka pia dada yako Maxine, ambaye ameomba jina lake lisikae mstari mmoja na la wifi yake.

Hutatutoka moyoni, Wendell, siku zote tulizobakiwa nazo.